Kifaa Kimegoma Baada ya Sasisho la Windows: Tafuta Chanzo kwa Dalili

Microsoft hutoa masasisho ya usalama ya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa mbili usiku, au saa tatu wakati wa majira ya baridi yao. Kompyuta iliyoachwa imewashwa huyapokea usiku huohuo, na Jumatano asubuhi saiba ya Kondele au agroveti ya Njoro inafunguliwa wateja wakiwa mlangoni na printa haijibu.

Ni mara chache sana sasisho kuunguza kifaa. Kinachobadilika huwa draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa. Au namba ya poti ambayo kifaa kilipewa. Au sharti jipya la usalama ambalo kifaa cha zamani hakilitimizi. Mawili ya kwanza hurekebishika bila kutoa hata shilingi. La tatu huenda likadai waya mpya au adapta. Hakuna hata moja linalohitaji kompyuta ifomatiwe, ingawa hilo ndilo pendekezo la kwanza utakalosikia mtaani.

Majina ya vitufe hapa chini yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Kabla ya kugusa chochote

Bofya "Restart", si "Shut down". Windows 10 na 11 zina "Fast Startup": ukizima kwa "Shut down", sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile, pamoja na draiva iliyokwama. "Restart" ndiyo inayopakia kila kitu upya.

Kisha fungua "Settings", "Windows Update", "Update history". Andika namba inayoanza na KB na tarehe yake. Kama sasisho liliingia tarehe 12 na kifaa kikagoma tarehe 20, tafuta mshukiwa mwingine. Kisumu, Kakamega na Kisii mshukiwa huyo mara nyingi ni radi ya alasiri: hupitia waya wa stima au wa intaneti na kuua poti ya LAN (ya waya wa mtandao), na kesho yake lawama zinakwenda kwa Windows. Badilisha waya, badilisha poti ya rauta. Taa ndogo ya poti ya LAN isipowaka kabisa, poti imeungua na hakuna draiva itakayoifufua. Adapta ya USB kwenda LAN ni nafuu kuliko kubadilisha bodi.

Nakili faili muhimu kwenye flashi au diski ya nje sasa, kompyuta ikiwa bado inawaka.

Kipimo cha mwisho kabla ya kununua kipuri ni kuwasha kompyuta kwa Linux, mfumo mbadala wa Windows, kutoka kwenye flashi ya GB 8 bila kuisakinisha. Wi-Fi, sauti au kamera ikifanya kazi humo, kifaa ni kizima na tatizo liko ndani ya Windows. Hakikisha kwanza una ufunguo wa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifunga diski, kwa sababu kubadilisha mpangilio wa kuwasha kunaweza kuifanya Windows iudai baadaye.

Printa inaonyesha "Offline", au kazi zinapanga foleni bila kutoka

Malalamiko haya ndiyo mengi kuliko yote, na chanzo chake cha kawaida ni kidogo mno: poti imehama. Printa ya waya wa USB ilikuwa USB001, baada ya sasisho Windows ikaitambua kama kifaa kipya na kuipa USB002. Programu ya mauzo bado inatuma kazi kwenye USB001, ambako hakuna mtu.

1. Fungua "Printers & scanners", chagua printa, kisha "Printer properties". Usifungue "Printing preferences". Huko hakuna poti.
2. Nenda kwenye "Ports". Tafuta mistari iliyoandikwa "Virtual printer port for USB".
3. Weka alama kwenye poti yenye namba kubwa zaidi, bofya "Apply", chapisha ukurasa wa majaribio. Ikikataa, jaribu inayofuata.

Ukiona printa mbili zenye jina moja, ya pili ikiwa na "Copy 1", ni ugonjwa uleule. Hamisha poti ya ile ya zamani badala ya kuifuta, la sivyo utapoteza mipangilio ya karatasi.

Poti ikiwa sahihi na foleni bado imekwama, safisha foleni. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `net stop spooler`, futa faili zote ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS (faili tu, si folda), kisha `net start spooler`.

Sababu ya tatu ni draiva ya jumla kuchukua nafasi ya draiva halisi. Printa kama Canon LBP2900 na HP LaserJet P1102 hazina akili ya kutosha kuupanga ukurasa zenyewe. Kompyuta ndiyo huupanga na kuzitumia kwa lugha yao maalum. Windows ikiziwekea draiva ya jumla, hunyamaza au hutoa alama zisizosomeka. Andika `printui /s /t2` kwenye Run, ondoa draiva hiyo pamoja na kifurushi chake, chomoa waya wa USB, sakinisha draiva ya mtengenezaji, na uchomeke waya pale tu inapokuambia.

Printa ya mtandao inayosema "Offline" ilhali inawaka huwa imepewa anwani mpya ya IP na rauta, au mtandao wako umegeuzwa kuwa "Public" baada ya sasisho. Rudisha "Private". Halafu chapisha ukurasa wa mipangilio kutoka kwenye printa yenyewe na ulinganishe IP na ile iliyo kwenye "Ports". Zikilingana na bado inasema "Offline", bofya "Configure Port" na uondoe alama kwenye "SNMP Status Enabled".

*Kosa 0x0000011b kwenye printa ya kushiriki.* Hili lilianza na masasisho ya Septemba 2021, Microsoft ilipokuwa ikilazimisha kinga dhidi ya CVE-2021-1678, tundu la usalama kwenye huduma ya uchapishaji ya Windows. Kompyuta ya kaunta yenye printa na zile za wateja zinapokuwa na masasisho ya viwango tofauti, hazielewani. Sasisha zote mbili kwanza. Isiposaidia, kwenye kompyuta ya mteja ongeza printa kama ya ndani, chagua "Local Port", na uandike njia kamili, mfano `\\KAUNTA\HP1102`, ukiwa umeshaweka draiva. Mara nyingi hukubali. Utakutana pia na ushauri wa kuweka RpcAuthnLevelPrivacyEnabled kuwa 0 kwenye Registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Inafanya kazi, lakini inalifungua tena tundu lililozibwa. Kwenye saiba ambako mgeni yeyote anaketi mbele ya kompyuta, usifanye.

*Printa inatoa karatasi zenye "POST /ipp/print HTTP/1.1".* Sasisho la Januari 2025, KB5050092, lilifanya baadhi ya printa za USB zitapike maandishi hayo. Lilirekebishwa Machi 2025 kwa KB5053657. Sasisha, usiiguse printa.

*Printa ya risiti.* Pima kifaa chenyewe kwanza: izime, shikilia kitufe cha FEED, iwashe ukiwa umekishikilia, kisha achilia. Printa nyingi za joto zitatoa risiti ya kujipima. Ikitoka safi, kichwa na mota ni vizima. Risiti za dukani zikitoka kidogo upande mmoja, au karatasi ikikimbia tupu kwa mita nzima, draiva imerudi kwenye ukubwa wa A4. Chagua 80 mm au 58 mm kulingana na roli. Karatasi ikitoka tupu hata kwenye kujipima, geuza roli: upande mmoja tu ndio unaoshika joto. Inachekesha ni mara ngapi hilo huhesabiwa kuwa kosa la sasisho.

Fotokopi inachapisha vizuri lakini haiskani kwenda kwenye folda

Hii iliongezeka sana na Windows 11 toleo la 24H2. Kwenye Pro, Enterprise na Education, toleo hilo linadai kila muunganisho wa kushiriki faili uwe na sahihi ya SMB (njia ya Windows ya kushiriki faili mtandaoni), na mashine nyingi za ofisi za miaka iliyopita haziwezi kuitoa. Zile za zamani kabisa hutumia SMB1, ambayo Windows iliacha kuisakinisha yenyewe tangu toleo la 1709 la mwaka 2017.

Kabla ya kuingia huko, angalia mambo mepesi: nenosiri la akaunti ya Windows halijabadilika? Mtandao ni "Private"? Jina la kompyuta ni lilelile lililo kwenye kitabu cha anwani cha fotokopi? Yote yakiwa sawa, muulize fundi wa fotokopi kama kuna programu mpya ya ndani ya mashine hiyo. Kama haipo, fungua PowerShell kama msimamizi:

`Set-SmbServerConfiguration -RequireSecuritySignature $false`

Amri hiyo inapunguza ulinzi wa kompyuta hiyo mtandaoni, kwa hivyo itumie kwenye ofisi yenye mtandao wake, isiyogawa Wi-Fi kwa wateja. Usiwashe SMB1 hata ukiombwa; ndiyo njia iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry mwaka 2017. Skani kwenye flashi au kwa barua pepe.

Alama ya Wi-Fi imetoweka

Laptopu nyingi zinazouzwa Nakuru na Kisumu ni mtumba wa ofisi za ng'ambo: HP EliteBook 840 G3, Lenovo T470, Dell Latitude. Hizo 840 G3 zina prosesa ya kizazi cha 6 cha Intel, ilhali Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8. Muuzaji aliyekuwekea Windows 11 alipita dirishani. Itafanya kazi, ila usishangae draiva za mwaka 2016 zikigombana na mfumo ambao haukuzitarajia.

Anza hivi. Zima kompyuta, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki utoke, kisha iwashe. Kadi iliyokwama usingizini huamka kwa hilo tu mara nyingi kuliko unavyodhani. Angalia pia kitufe cha ndege kwenye kibodi.

Bado? Fungua "Device Manager", "Network adapters". Kadi ipo na ina alama ya njano: bofya mara mbili, "Driver", "Roll Back Driver". Kitufe kikiwa kijivu, Windows haina draiva ya awali, na itabidi uipakue kwa intaneti ambayo huna. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Windows huikubali bila draiva ya ziada. Kabla ya kitu kingine chochote weka muunganisho huo kuwa "Metered connection", ama masasisho yaliyokuwa yakisubiri yatameza bandeli yako yote. Chukua draiva kwenye tovuti ya HP, Lenovo au Dell kwa kutumia namba ya siriali iliyo chini ya laptopu. Programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa kubofya mara moja huacha uchafu mwingi kuliko zinaouondoa, ziepuke.

Wi-Fi inayokatika kila baada ya dakika chache ni tatizo jingine: kwenye "Power Management" ya kadi, ondoa alama kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power".

Kadi isipoonekana hata kwenye Linux ya flashi, wala kwenye BIOS (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta), imelegea au imekufa. Kufungua 840 G3 si kazi ngumu kwa mwenye bisibisi sahihi, lakini nyaya za antena huchomoka kwa ncha ya kucha na kichwa chake hakirudi kikipondeka. Mwachie fundi.

Hakuna sauti, au kamera ni nyeusi

Kwa sauti, bofya spika na uhakikishe Windows haikuhamia HDMI au kifaa cha Bluetooth. Kisha rudisha draiva kama ulivyofanya kwa Wi-Fi. Kwa kamera, "Settings", "Privacy & security", "Camera": masasisho makubwa wakati mwingine huzima ruhusa. Na angalia kifuniko kidogo cha plastiki juu ya lenzi.

Skrini nyeusi, au inapepesa

Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Draiva ya picha huanzishwa upya na mara nyingi utasikia mlio mfupi. Picha ikirudi, draiva ndiyo mkosaji.

Skrini ikibaki nyeusi, mulika tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya skrini au waya wake umeharibika: kazi ya fundi. Usipoona kitu, unganisha televisheni kwa HDMI. Picha ikitokea huko, ingia "Device Manager", "Display adapters", urudishe draiva.

Kusipoonekana popote, zima kompyuta kwa nguvu inapoanza kuwaka, mara tatu mfululizo, hadi ikuletee ukurasa wa ukarabati. "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", kisha bonyeza 4 kwa hali salama. Humo ondoa draiva ya picha.

Ukurasa wa bluu unaodai ufunguo wa tarakimu 48

Hapa ndipo watu hupoteza kazi za miaka. Si virusi, na diski haijafa. Ni BitLocker: sasisho au BIOS mpya imebadilisha kitu ambacho ulinzi huo hukikagua, ukajifunga. Masasisho ya Julai 2024 yalisababisha hivyo kwenye kompyuta nyingi.

Kwa simu, fungua aka.ms/myrecoverykey na uingie kwa akaunti ya Microsoft iliyotumiwa kuanzisha kompyuta hiyo. Linganisha herufi 8 za kwanza za kitambulisho kwenye skrini na kile kilicho kwenye akaunti, kisha andika tarakimu zote 48. Kama hujawahi kuwa na akaunti, mrudie aliyekuuzia: baadhi ya wauzaji huanzisha laptopu kwa akaunti yao wenyewe, na ufunguo ukabaki kwao. Mashine ya shule au kaunti, muulize msimamizi wa mifumo.

Simama hapa. Bila ufunguo hakuna fundi, Nakuru wala Nairobi, anayeweza kuifungua diski hiyo. Anayekuahidi kuifungua ataifomati na kukurudishia Windows mpya bila faili zako. Kama ufunguo unaweza kupatikana wiki ijayo, acha kompyuta imezimwa hadi wiki ijayo.

Mizani, mashine ya maabara au kifaa chochote cha waya wa siriali hakisomi

Vituo vya kukusanya maziwa na zahanati hukutana na hili. Sababu ya kwanza ni namba: kifaa kilikuwa COM3, sasa ni COM7. "Device Manager", "Ports", bofya kifaa mara mbili, "Port Settings", "Advanced", rudisha namba ya awali.

Sababu ya pili utaisoma palepale: "PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012. PLEASE CONTACT YOUR SUPPLIER." Prolific, watengenezaji wa chipu hiyo, waliacha kuihudumia kwenye Windows mpya, na sasisho limeleta draiva inayoikataa. Jaribu "Update driver", "Browse my computer", "Let me pick from a list", uchague toleo la zamani zaidi kwenye orodha. Litafanya kazi hadi sasisho lijalo, kwa hivyo panga kununua waya wenye chipu ya CH340 au FTDI halisi.

Neno "halisi" lina uzito. Mwaka 2014 draiva ya FTDI iliyokuja kupitia Windows Update ilizifuta chipu bandia utambulisho wake, zikawa hazitambuliki na kompyuta yoyote, hadi kampuni ikaiondoa. Draiva zilizofuata hutuma maneno "NON GENUINE DEVICE FOUND!" badala ya data. Ukiyaona kwenye safu ya uzito wa maziwa, mizani haina kosa.

Kama ni mashine ya maabara inayotoa majibu ya wagonjwa, usicheze na draiva wala namba. Mwite mhandisi wa mtengenezaji, na majibu yaandikwe kwa mkono hadi afike.

Kompyuta inazunguka bila kuwaka

Ikiwa inaonyesha asilimia, ngoja. Kwenye diski ya kuzunguka saa mbili au tatu si ajabu. Maadam taa ya diski inapepesa, kazi inaendelea.

Stima ikiwa ilikatika katikati ya sasisho, ingia ukurasa wa ukarabati kama ilivyoelezwa juu, chagua "Uninstall Updates", "Uninstall latest quality update". Kama kibodi na mausi ya USB havifanyi kazi ndani ya ukurasa huo pekee, huenda ni KB5066835 ya tarehe 14 Oktoba 2025. Ilirekebishwa na KB5070773 ya tarehe 20 mwezi huohuo. Kompyuta ya mezani yenye poti ya duara ya PS/2 itakubali kibodi ya zamani, na ya laptopu yenyewe kwa kawaida huendelea kufanya kazi.

Kompyuta za Core 2 Duo zilizolazimishiwa Windows 11 haziwaki kabisa na 24H2, kwa sababu prosesa hizo hazina amri ya POPCNT. Hakuna ujanja, rudisha toleo la awali au weka Linux.

Simama hapa pia ukisikia diski ikigonga. Usiendeshe `chkdsk /r`. Inailazimisha diski inayokufa kusoma kila kona yake. Zima na umpelekee anayeokoa data.

Kabla hujamfikia fundi

Sasisho kubwa la toleo linaweza kurudishwa ndani ya siku 10: "Settings", "System", "Recovery", "Go back". Zikipita, folda ya Windows.old hufutwa. Ukitaka muda zaidi, endesha `DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60` kabla hazijaisha. Sasisho dogo uliloliondoa litarudi lenyewe, hivyo bofya "Pause updates". Hukubali hadi wiki 5.

Kusasisha BIOS usijaribu mwenyewe siku ya mvua wala bila betri nzuri. Stima ikipotea katikati, bodi itahitaji chipu yake iandikwe upya kwa kifaa maalum. Betri ikiwa imevimba na kusukuma touchpad ya laptopu juu, chomoa chaja na usibonyeze chochote.

Nenda na chaja, namba ya KB na tarehe yake, picha ya ujumbe wa kosa, na ufunguo wa BitLocker ulioandikwa kwenye karatasi. Kwa printa, beba na waya wake uleule. Mwambie fundi mapema kama faili zimenakiliwa au la, kwa sababu hilo ndilo linaloamua atakachothubutu kufanya.